Miaka Iliyobaki ni ya Nani

9 Februari

Kaka yangu,

Natumaini mu wazima, wewe, wifi na watoto, na Mama yetu, ambaye najua atataka asomewe barua hii kwa sauti ya kupasua bati. Basi msomee sehemu hii tu: Mama, hatujambo. Mkweo bado anapima viwanja vya watu na yeye mwenyewe hana hata kimoja. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele za watu. Dawa ya mguu nimeituma kwa dereva wa lori la serikali, usiache kupaka.

Hii nyingine ni yako peke yako, Kaka.

Huenda umesikia habari za mji wetu. Mwaka mzima tumeibiwa nyaya za umeme mpaka watu wamezoea kula gizani. Novemba walikata zile zinazokwenda hospitali, na mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akipumua kwa mashine akafa kabla jenereta halijawaka. Nusu ya mji huu yeye ndiye aliyewafundisha kusoma. Polisi hawakumpata mtu. Kisha Januari akakamatwa kijana mmoja juu ya nguzo, koleo mkononi, shehena ya waya ikimsubiri chini.

Juzi nimemfunga miaka kumi. Sheria inaruhusu. Nilisema wazi mahakamani kwamba iwe funzo kwa wengine, na watu wakapiga makofi hadi nikalazimika kuwanyamazisha. Analetwa gereza lenu. Wanamwita Koleo.

Sikuombi lolote juu yake. Nimekuambia tu, usije ukayasikia kwa mwingine.

Mdogo wako


2 Machi

Mheshimiwa mdogo wangu,

Salamu zako zimefika na tumezigawana. Mama aliuliza mara tatu ni meno ya nani yameng'oka, mwishowe akaamua ni ya mumeo, akasema apewe uji na apewe pole. Mwambie shemeji apokee tu, maana kumsahihisha Mama siku hizi ni kazi ya kutwa. Wanangu wanamsalimu shangazi yao. Wifi yako naye anasema ukija uje na kanga, usije na ushauri.

Kijana wako amefika. Nasema wako kwa utani, usinune. Amepangiwa karakana ya ushonaji, kwangu. Ana mikono myepesi sijapata kuona. Wiki ya kwanza tu alikuwa akitunga uzi kwenye cherehani huku anatazama dirishani. Hana maneno mengi. Nilimuuliza kosa lake, kama ninavyowauliza wote, na wote hunijibu kwamba wamesingiziwa. Huyu akasema, "Nilikata waya, afande." Nikamwambia umeua mwalimu wa watu. Akasema hapana, yeye alikata wa mtaa wa mashine ya kusaga. Siku ya hospitali alikuwa akimchanganyia baba yake udongo kwenye ujenzi, na watu walimwona.

Mfungwa anayekana nusu ya kosa si wa kawaida. Ndiyo nakuuliza: ni kweli?

Kaka yako


28 Machi

Kaka,

Nimefurahi Mama anatembea hadi bombani. Huku mvua zimeanza na paa la jikoni linavuja palepale alipoziba fundi, kana kwamba maji yamesoma ramani. Binti yangu amekuwa wa nne darasani, naye amenuna kwa sababu wa tatu ni jirani yetu. Mume wangu yuko safarini kupima barabara, harudi mpaka mwisho wa mwezi.

Kuhusu swali lako, ushahidi wote umo kwenye jalada.

Nikuambie jambo lingine. Tangu niisome ile hukumu, hakuna waya hata mmoja uliokatwa. Hata mmoja, Kaka. Jana muuguzi wa wodi ya wazazi alinisimamisha sokoni, kapu kichwani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, "Mheshimiwa, watoto sasa wanazaliwa kwenye mwanga." Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kuliko nilivyokuwa tangu mwaka uanze.

Wasalimu wote.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Huku tu wazima, ila mwanangu wa pili ameanguka kwenye mpera na sasa anatembea na mkono shingoni kama mkuu wa majeshi. Mama anakusalimu. Anasema hukumtajia paa linavuja wapi, maana huenda ni juu ya kitanda.

Jumapili alikuja baba yake Koleo. Ni mwashi, mtu mfupi mwenye mikono iliyopauka kwa saruji. Alisafiri siku mbili kuja kukaa na mwanawe robo saa. Alipotoka alikaa kwenye benchi la getini kufunga viatu, na mimi nilikuwa zamu, tukazungumza. Hajui mimi ni nani wako na sikumwambia.

Akanisimulia siku ya hukumu. Anasema ulipomaliza kusoma yeye alisimama, karani akamwambia akae, wewe ukasema aachwe aseme. Akakuuliza: "Mheshimiwa, yule wa mwaka jana aliiba waya mrefu kuliko huu, akapewa miaka miwili. Mwanangu achukue miwili yake. Hiyo minane iliyobaki ni ya nani?" Anasema ulimtazama kisha ukafunga jalada.

Umeniandikia makofi ya watu. Mbona hili hukuniandikia?

Nimewauliza pia wazoefu wa karakana kama wakati wa kuiba huwa wanaiwaza miaka. Wakacheka. Mzee mmoja anayekata vitambaa, ameingia na kutoka humu tangu mimi sijaoa, akasema, "Sajini, mwizi hahesabu miaka. Anahesabu walinzi." Akarudi kwenye mkasi wake.

Kaka yako


16 Mei

Kaka yangu,

Mpe pole mkuu wa majeshi. Hapa sote tu wazima na paa limezibwa.

Umeuliza, nami nimechoka kukujibu kwa mambo ya paa. Ndiyo, waya aliokata si wa hospitali. Nililijua tangu siku ya pili ya kesi. Katika rasimu yangu ya kwanza niliandika miaka miwili. Kisha nikatazama nje ya dirisha la ofisi, nikaona watu walivyojaa uwanjani, na mjane wa mwalimu kasimama mbele yao akiwa na mwavuli, wala mvua haikuwapo. Nikawaza ni lini tena nitampata mmoja. Hatumpati mmoja kati ya ishirini. Nikiachia huyu na miwili, watasema wizi wa waya ni kazi kama kazi nyingine. Nikachana karatasi.

Yule baba, jibu lake nilikuwa nalo. Ningemwambia: ni ya wale ambao bado hawajakata waya. Niliona aibu kulitamka mbele yake. Siku hizi anajenga ukuta wa posta mpya, napita pale kila asubuhi, sijawahi kumsalimu.

Lakini nisikilize nami. Wewe unawauliza waliokamatwa kama waliogopa. Hao ndio ambao hawakuogopa! Walioogopa wako majumbani kwao, wanalala na wake zao, na wewe huwezi kukutana nao maana hawaji kwako. Yule mzee wa mkasi hawezi kuwasemea. Kama watu kumi wameacha koleo zao chini kwa ajili ya mmoja, na mtoto mmoja amezaliwa salama kwa ajili ya hao kumi, je, nimefanya vibaya? Niambie wewe. Gereza lako lenyewe linakwenda kwa nini kama si kwa hofu?

Mdogo wako


30 Juni

Kaka,

Sijapata jibu. Nilidhani barua imepotea, lakini ile niliyomwandikia Mama juu ya dawa nasikia imefika, na zilikuwa kwenye bahasha moja. Kama nilikukwaza kwa maneno ya mwisho, yaache. Mtoto anauliza mjomba yu wapi. Andika hata mstari mmoja.

Mdogo wako


4 Agosti

Kaka,

Wifi ameniandikia, maneno yake yangeenea kwenye kiganja: kaka yako hali, hasemi, na karakana ameomba atolewe. Ameniuliza mimi kuna nini. Mimi nitajuaje?

Huku tu wazima. Wiki iliyopita nyaya zimekatwa tena, upande wa shule, na juzi upande wa stendi. Sina la kusema juu ya hilo leo. Ninachotaka ni kujua kama wewe ni mgonjwa. Kama ni mgonjwa nitakuja.

Mdogo wako


27 Agosti

Mdogo wangu,

Usije. Si mgonjwa. Kalamu nilikuwa nayo na karatasi nilikuwa nayo, ila mkono haukutaka. Mama hajambo, mguu umepungua uvimbe. Watoto wamefunga shule. Salamu zimeisha, sasa nikuambie.

Mwanzoni mwa Juni lilikuja lori la vitambaa. Nilitoa wafungwa wachache wakabebe majora kutoka getini, na Koleo nilimchagua mimi, kwa kuwa nilimwamini. Alibeba jora la kwanza, akarudi. La pili akalitua chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akakimbia. Hakufika mbali. Jioni walimkuta kwenye mtaro wa barabara amejikunyata, kiatu kimoja hana. Nilipomfungia chumbani nilimuuliza kwa nini amenifanyia hivi. Akasema, "Afande, mtu mwenye miwili anasubiri. Mwenye kumi anasubiri nini?"

Asubuhi yake Mkuu wa Gereza akawapanga wafungwa wote uwanjani. Akaniita mbele, akaniambia kwa sauti ya chini ninayoisikia mimi tu, "Sajini, ametoka mikononi mwako, na mikono yako ndiyo itamfunza. Nataka kila mmoja hapa aondoke na picha hii kichwani." Nikamwambia, "Afande, kanuni haziruhusu." Akasema, "Jana hazikukimbia kanuni, amekimbia mtu." Akanipa rungu.

Nilipiga, mdogo wangu.

Wala sikupiga kwa hasira. Ningekuwa na hasira ningechoka mapema. Nilipiga kwa ajili ya wale waliosimama kwenye mistari. Kila nikishusha rungu nilikuwa nawatazama wao, nione kama wameogopa vya kutosha. Yeye sikumtazama kabisa. Ndiyo maana sikuona alipoinua mkono kujikinga kichwa. Nilisikia tu.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia. Mganga wa gereza alivifunga ovyo, vimeunga vikiwa vimepinda. Hawezi kushika sindano wala kijiko. Amehamishiwa kufagia.

Uliniuliza gereza letu linakwenda kwa nini. Basi jua kwamba tangu siku ile hakuna aliyejaribu kutoroka. Hata kelele zimepungua. Ukitafuta mahali ambapo adhabu imewatisha watu, njoo kwetu, utapewa kiti.

Baba yake alikuja Julai. Nilimwambia getini kwamba mwanawe ana homa ya kuambukiza, haonwi. Akaniachia sabuni nimpelekee. Akanishukuru.

Kaka yako


10 Septemba

Kaka yangu,

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa sakafuni. Mume wangu akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna.

Sitakupa pole na sitakusema. Yule mtu uliyempiga alikuwa na miaka minane mgongoni ambayo niliiweka mimi, na ni hiyo iliyomkimbiza. Hili nimeligeuza kila upande na linarudi palepale.

Nimeshaanza kuiandikia Mahakama Kuu, waliite jalada waipitie hukumu yangu. Nitaeleza wazi kwamba sehemu kubwa ya adhabu sikuipima kwa kosa lake. Hilo ni langu, nitalibeba, na likinivua joho basi na livuke.

Ya vidole ni mengine. Nikiyaandika, watauliza ni nani. Nikiyanyamazia, nitakuwa hakimu anayeujua uhalifu na kuuficha kwa kuwa mhalifu ndiye aliyekuwa akinivusha mto mgongoni nisikose mtihani. Nimekaa na karatasi siku nne. Nilitaka kukuuliza nifanye nini, nikaona hilo ni kukutwisha wewe mzigo wangu. Kwa hiyo nauliza lingine: wewe mwenyewe utafanya nini?

Mdogo wako


22 Septemba

Mdogo wangu,

Maelezo yangu yamo kwenye bahasha hii. Nimeyaandika mwenyewe, nimetia saini na dole gumba. Nimemtaja aliyeniamuru, atakana, na kwa kuwa alisema kwa sauti ya chini, atashinda. Yapeleke.

Wifi yako nilimwambia jana. Amepika, ameniwekea chakula, kisha akakaa amenipa mgongo mpaka nilipomaliza kula. Leo asubuhi akaniuliza, "Nyumba hii si ya gereza? Watoto watalala wapi?" Ana haki yake. Hakushika rungu yeye, wala watoto, lakini watakula sehemu yao.

Nina ombi moja. Nafahamu yatakayosemwa: askari wamezidi kuwapiga wafungwa, basi huyu awe mfano. Kama utapata mahali pa kunisemea neno, sema nipewe changu. Kikiwa kikubwa, kiwe kikubwa, sitalia. Ila nisibebeshwe cha askari mwingine ambaye bado hajainua mkono. Nimeshaona mtu anapigwa kwa ajili ya wengine, na mimi ndiye niliyekuwa napiga.

Kaka yako


6 Novemba

Kaka,

Mama amefika salama pamoja na sanduku lake na kuku wawili aliokataa kuwaacha. Nimempa chumba cha mbele. Wifi amekwenda kwao na watoto, nimemtumia nauli na mahitaji ya shule. Hajajibu.

Mama bado hajui. Nilimwambia umehamishwa kikazi. Akauliza kama umepanda cheo. Nikamwambia bado.

Mahakama Kuu wameliita jalada. Mkuu wa Gereza ameandika kwamba hakumwamuru mtu yeyote kitu chochote, na askari waliokuwepo uwanjani wote walikuwa wanatazama kwingine. Nasikia umepata dhamana na kesi yako itasikilizwa Januari. Nasikia, Kaka, maana wewe huniambii.

Kazini wananisalimu kama mtu aliyefiwa na kitu cha aibu. Hakimu mwenzangu alinivuta pembeni akaniambia, "Umemuuza ndugu yako kwa ajili ya mwizi wa waya." Nilikuwa na majibu mengi ya kisheria. Nikaenda kunawa uso.

Nyaya zimekatwa mara mbili tena.

Mdogo wako


14 Desemba

Mdogo wangu,

Wiki iliyopita nilikuwa mjini kwako, na sikugonga mlango. Nilimwona Mama kibarazani anawagombeza kuku, nikapita upande wa pili wa barabara. Usiniulize zaidi.

Nilimfuata yule mwashi. Nilimkuta kwenye ukuta wa posta, juu ya jukwaa la mbao. Nikamwambia nina habari za mwanawe. Akashuka haraka, akafuta mikono kwenye suruali ili anisalimu. Nikamwambia asinipe mkono kwanza.

Nikamweleza palepale. Hakuna homa. Ni mimi. Nikamtajia vidole ni vipi.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Mkono wa kulia?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Uliponidanganya getini, alikuwa ndani anaumwa?" Nikasema ndiyo. Akakaa juu ya mfuko wa saruji. Vibarua wake walikuwa wamesimama wanatusikiliza, mmoja kashika sepetu kwa namna ambayo nilidhani sitaondoka pale mzima, na sikujali sana.

Mwisho akasema, "Umekuja nikusamehe, wewe upate usingizi?"

Nikamwambia, "Nimekuja usije ukaambiwa na mwingine."

"Nimeambiwa. Sasa nenda kahukumiwe. Nitakuja siku hiyo, nitakaa mbele. Ukimaliza kifungo chako usije kwangu tena." Akapanda jukwaa akaendelea kujenga. Nilisikia mwiko wake ukikwangua tofali mpaka nilipokata kona.

Nakuandikia kwa sababu hakuna mwingine wa kumwandikia. Mbusu Mama, usimwambie ni kwangu.

Kaka yako


17 Februari

Kaka yangu,

Sijui barua hii watakupa lini, wala nani ataisoma kabla yako. Nianze na Mama, ndilo utakalotaka kujua. Nilimwambia ukweli wiki moja kabla ya kesi. Unajua masikio yake: ilibidi niupige kelele wote, sentensi kwa sentensi, na mtaa mzima ukausikia pamoja naye. Akasema anataka apelekwe mahakamani na avae gauni la bluu. Ndilo ulilomwona nalo. Mwendesha mashtaka alipoomba upewe miaka saba, iwe fundisho kwa askari wote nchini, Mama aliniuliza kwa sauti yake ile, "Huyu anamsema nani?" Ndicho kilichowageuza watu vichwa.

Mahakama imekupa mitatu. Kwa mkono wa mshonaji uliovunjika, hata mimi ningekupa mitatu. Nimejaribu kuiona kuwa mingi, kwa ajili ya udugu wetu, nimeshindwa. Nisamehe.

Uliposhushwa, mwashi alinisubiri mlangoni. "Wewe ndiye dada yake?" Ndiyo. "Na ndiye uliyempa mwanangu kumi?" Ndiyo. Akatutazama, mimi na Mama, muda mrefu. Akasema, "Poleni," akaondoka. Sijui ilikuwa pole ya namna gani.

Mahakama Kuu wameshusha kifungo cha Koleo hadi miaka miwili, na wameamuru apelekwe hospitali kubwa. Vidole vimevunjwa tena na kunyooshwa. Viwili vinafanya kazi. Mimi nimepewa onyo la maandishi, nami nimelipokea.

Jumatatu iliyopita waliniletea mwingine wa waya. Mwendesha mashtaka akafungua hukumu yangu ya mwaka jana, akanisomea maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno. Mahakama ilijaa kama siku ile. Nimempa huyu miaka miwili na nusu, kwa kipande alichokata na kwa shule aliyoitia gizani wiki ya mitihani, basi. Hakuna aliyepiga makofi. Asubuhi yake nilikuta geti langu limepakwa tope, na yule muuguzi wa wodi ya wazazi siku hizi akiniona sokoni anajifanya anachagua nyanya.

Huenda ni wao walio sahihi, Kaka. Huenda kesho mtu atapanda nguzo kwa kuwa amesikia ni miwili na nusu tu. Sitajua kamwe. Nilichokijua ni cha yule aliyekuwa mbele yangu.

Mdogo wako


25 Machi

Mdogo wangu,

Barua nimepewa, imesomwa na watu wawili kabla yangu, mmoja wao akanisahihishia jina juu ya bahasha. Mwambie Mama nakula, naoga, na gauni lilimpendeza. Wifi yako ameleta watoto Jumapili. Alinikatia kucha kama zamani. Mwambie shemeji asihangaike na wakili, mitatu naikubali.

Hapa walijua mapema kwamba nilikuwa askari. Siku za mwanzo chakula changu kilimwagika mara kwa mara, kwa bahati mbaya. Sasa wamezoea. Nimepangwa chumba kimoja, paa lake linavuja, na vijana watano na mzee mmoja wa wizi wa ng'ombe, na jana huyo mzee akaniuliza mbele ya wote:

"Wewe si ulikuwa sajini? Hukujua kwamba ukimvunja mfungwa unafungwa?"

Nikamwambia, "Nilijua kuliko wote. Kanuni hiyo nilikuwa naisoma kwa sauti kwenye gwaride la askari kila mwezi, pamoja na miaka yake."

"Sasa ulipoinua rungu, haikukujia?"

Nilitaka kumjibu kweli. Nikatafuta hofu hiyo mahali popote ndani ya asubuhi ile na sikuiona. Nilikuwa namwogopa Mkuu wa Gereza aliyesimama hatua mbili nyuma yangu. Nilikuwa nawatazama wafungwa. Kifungo, miaka, sheria niliyoisoma kwa mdomo wangu, hakuna hata kimoja kilichonipitia.

"Haikunijia," nikamwambia.

Vijana wakacheka. Mzee hakucheka. Akavuta blanketi lake kando, akanionyesha kwa kidevu mahali pasipovuja, nikahamia hapo.

Kaka yako